Majani ya Casimir

Casimir alitoka Kasai na treni, angali kijana, akapewa kazi ya kuchunga ziwa la barrage, maji yaliyozuiwa na ukuta, upande wa Naviundu kule Katanga. Alikuwa mutu wa misa ya asubuhi. Kuvuta wavu alifundishwa na jirani yake Kapya, mwenyeji wa hapa, na urafiki wao ukawa mukubwa mpaka Casimir akawa parrain, baba wa ubatizo, wa Claudine, binti ya Kapya.

Siku zile ziwa lilikuwa linaharibika. Muzungu mumoja alifuga karpe, samaki ya kigeni, katika bwawa lake kule juu. Mvua ikavunja ukingo, karpe zote zikashuka kwetu. Samaki ile inachimba matope sawa nguruwe. Maji yakageuka rangi ya chai ya maziwa. Mayai ya mpende, samaki wetu wa zamani, yakafunikwa na matope, yakaoza.

Casimir ndiye aliyeona dawa. Karpe haichimbi kiota, inabandika mayai yake kwenye majani. Basi mvua za kwanza zikianguka, yeye na Kapya walifunga mafungu ya majani, wakayazamisha ukingoni kwa jiwe, karpe zikaja kutaga pale. Kisha, mbele ya mayai kupasuka, waliyavuta mafungu yote na kuyatandaza juani mpaka mayai yakauke. Ukichelewa kuvuta, umezijengea karpe nyumba kwa mikono yako. Casimir alisali Salamu Maria kwa kila fungu. Mpende zikaanza kurudi.

Ikafika Katanga yenye bendera yake, iliyojitenga na inchi ingine, na watu wa Kasai wakaanza kuitwa wageni. Mwaka wa 1961 mvua ilikuja mapema. Casimir akazamisha majani, na kesho yake nyumba za watu wa Kasai zikachomwa na vijana wa chama cha wenyeji. Alikimbia na muke wake Clotilde na watoto mpaka kambi ya askari wa ONU, wale wa Umoja wa Mataifa. Wakalala chini ya gunia. Lakini asubuhi Casimir akasimama, akafunga kamba za viatu.

“Unaenda wapi, Tatu?” Clotilde akamuuliza; kwa luga yao tatu ni baba.

“Kuvuta majani.”

“Bantu banatuchoma, na weye unawaza samaki!”

“Nimeyaweka miye mwenyewe. Nikiyaacha, ziwa inakufa, na ni miye nimeiua. Kapya atanisaidia. Nitarudi mbele ya jua kukomaa.”

Kapya alikuwa ukingoni kweli, pamoja na vijana wa chama wenye minyororo ya baiskeli. Casimir akamusalimu, akainama, akavuta fungu la kwanza. Mayai yalikuwa tele juu ya majani, yanang’aa.

“Muangalie!” kijana mumoja akacheka. “Karpe inakuya kutoa karpe!”

“Baba Claudine,” Casimir akasema, “shika kamba ile ingine.”

Kapya akachukua fungu mikononi mwa Casimir, akalirudisha majini.

“Parrain, si weye ulitufundisha? Mugeni anachafula maji, anamaliza mayai ya benyewe. Unamutoa ku maji, unamuanika.”

Wakamufunga na kamba zake mwenyewe, wakamulaza pale pale alipozoea kuanika mafungu, uso juu. Walimupiga minyororo kwanza, kisha wakaliachia jua kazi. Maji yalikuwa karibu, angeweza kuyagusa kama mikono ingekuwa huru. Mwaba, muke wa Kapya, akapita na ndoo kichwani.

“Mama Claudine, maji kiloko tu,” Casimir akalomba.

Mwaba akageuza uso, akaenda zake.

“Basi mutoe majani,” akamwambia Kapya. “Miye muniache. Mutoe majani.”

“Ziwa iko yetu,” Kapya akajibu. “Haikuangalie, si kazi yako.”

Hakuomba tena. Alikuwa akisali, na jua lilipozama alikuwa amenyamaza. Mungu amupokee.

Kambini walimwambia Clotilde kwamba labda bwana yake alijificha Kilwa ya hapa Katanga, atarudi. Akangoja. Mvua zilipokwisha, akina mama wa Naviundu wakaanza kuleta samaki kwenye waya za kambi. Siku moja Mwaba alikuwa kati yao, na beseni limejaa.

“Mama Clotilde, chukua! Iko ya ziwa yetu.”

Clotilde akaangalia ndani ya beseni. Karpe, ndogo ndogo, za urefu mumoja, zilizozaliwa pamoja.

“Iko mingi vile?”

“Mingi! Mwaka hii mpende hata moja haionekane. Ni karpe tu.”

“Kumbe majani hayakuvutwa,” Clotilde akasema.

Mwaba akajifanya anapanga samaki.

Watoto walikuwa na njaa. Clotilde alichukua zile karpe, akavua kitambaa chake cha rangi, akajifunga cheusi, akakaa kuzipara magamba.