Udongo Juu ya Dari

Nyumba yangu ya tofali za saruji hapa Dodoma niliijenga kwa jasho langu, na shule niliishia darasa la tatu. Bati jekundu, madirisha ya alumini, dari nyeupe ya jipsamu. Nikamleta mama kutoka kijijini, upande wa Mpwapwa, aishi nami uzee wake uliobaki.

Wiki haikuisha akaanza kufunga mzigo.

"Mwanangu, hii nyumba ni chungu. Nimechoka kuiva."

Iliniuma. Jioni nikaweka kiganja ukutani: jua limezama, ukuta bado una homa. Feni inazungusha joto lile lile. Sikutulia tena. Nikawa nazunguka nyumba yangu mwenyewe kama mgambo, nashika ukuta huu, naacha, nashika ule. Tembe alilonizalia mama, nyumba yetu ya asili, lilikuwa na kuta nene za udongo; ukipitisha mkono kwenye tundu la dirisha, vidole viko nje na kiwiko bado kiko ndani. Juu nako udongo. Joto likianza safari asubuhi, jua linazama lenyewe halijafika ndani. Kwangu linapita bila hodi.

Basi nikaamua kinachokosekana ni udongo. Fundi akakataa kuuweka juu ya dari. Nikamwambia aende zake, nikapandisha ndoo mwenyewe.

Kesho yake mchana, mama akiwa kibarazani anapepeta karanga, dari ya chumba chake ikashuka yote kitandani. Nilikimbilia chumbani. Yeye akachungulia lile vumbi, akacheka mpaka akashika mlango.

"Tembe lina nguzo, baba! Wewe umetandika udongo juu ya karatasi."

"Kwa hiyo unaondoka?"

"Nijengee lenye nguzo, nitakaa. La sivyo, basi la Jumapili nalijua."

Nikaagiza magogo siku hiyo hiyo, nikajenga uani, mama akiwa msimamizi na fimbo yake. Jirani akaegemea ukuta wa mpaka.

"Shikamoo mzee. Wenzako wanapandisha ghorofa, wewe tembe?"

"Marahaba. Njoo saa nane uniulize tena."

Mama yumo humo, mzigo wake kaufungua. Mimi nina vyumba vinne na sina pa kukaa mchana. Nabeba kigoda changu, nabisha hodi kwake.

"Ingia upesi ufunge," ananiambia. "Unaniletea joto la kwako."