Mchimba njia wa Mosterveen na kondoo wa Lubbert

Ni saa moja asubuhi, Jumamosi, na ukungu bado umelala juu ya heide, ile nyika ya vichaka vifupi inayoanza pale misonobari inapokoma. Geesje Wolbink amepiga magoti kwenye kona ya njia, mikono imezama kwenye mchanga mweusi hadi viwikoni. Anautafuta mzizi ambao wiki nzima umekuwa ukiwaangusha watu.

"Kumbe umejificha huku," anauambia, kisha anaushika msumeno.

Kabla hajamaliza kuukata, kengele inalia msituni. Waendesha baiskeli watano wanachomoza kati ya mialoni, matope yamewarukia hadi kwenye nyusi. Anayeongoza ni Egbert, mwalimu wa hesabu mwenye kifua kipana na tumbo linalomtangulia.

"Geesje, bado hujamaliza tu? Mimi nilidhani halmashauri inakulipa."

"Inanilipa siku tatu kwa wiki. Leo nafanya kwa hisani, makalio yako yasije yakatua kwenye mzizi tena."

Wenzake wanacheka hadi baiskeli zinayumba. Egbert anainua mkono kukiri kushindwa, anabadilisha gia, na wote watano wanatokomea kwenye ukungu. Geesje anasikiliza matairi yao yakipita kwenye kona. Hakuna breki iliyolia, na uso wake unachanua.

Njia hiyo inapita msituni, inavuka kinamasi, inakata heide na kurudi kijijini Mosterveen. Karibu yote ameichimba yeye, kwa beleshi, reki na toroli. Ana miaka hamsini na sita, mabega ya mbeba magunia, na mzaha ulio tayari kwa kila anayeuliza baiskeli za milimani zinafanya nini Drenthe, mkoa tambarare ambapo hata maji hayajui yateremkie wapi.

"Mlima tunao," husema. "Niliurundika mwenyewe. Ulinichukua majira mawili ya baridi."

Zamani Geesje alikuwa akiosha viazi katika kiwanda cha wanga. Alisimama kwenye mkanda uleule wa mashine tangu usichana wake, hadi kiwanda kilipofungwa na wafanyakazi wakaagwa kwa kahawa na keki.

"Siku ile nilichukua baiskeli ya kaka yangu nikaingia msituni ili nilie bila kuonwa na mtu," anakumbuka. "Sikupata hata nafasi ya kulia. Nilianguka mara tatu kwenye dimbwi moja. Nikakasirika. Kesho yake nilirudi na beleshi, nikalitoa maji lile dimbwi. Nilipomaliza nikaona na la pili."

Watu wakaanza kupita. Halmashauri ikaona, ikampa koti la kazi na mshahara wa siku tatu. Si mwingi, anasema, lakini kwake unatosha mkate, umeme na tairi mpya kila mwaka.

Ambaye hakupendezwa na njia hiyo ni Lubbert Kamping, mchungaji wa kondoo. Kondoo wake ndio wanaoitunza heide, maana bila meno yao miti ingeimeza nyika yote. Msimu mmoja wa machipuko, mwendesha baiskeli mgeni alishuka kwa kasi, akamgonga mwanakondoo na kumvunja mguu, kisha akaondoka bila hata kugeuka. Lubbert alimbeba mwanakondoo hadi mlangoni kwa Geesje.

"Tazama," alimwambia. "Tazama kazi ya njia yako."

Geesje aliomba radhi, akaweka matuta ya kupunguza mwendo, lakini Lubbert alikwisha kata shauri. Alipita nyumba kwa nyumba akitaka njia ifungwe. "Hapa ni malisho," alikuwa akisema, "si uwanja wa sarakasi." Halmashauri ikaitisha mkutano wa kijiji. Wengi walijua upepo unavumia wapi: njia itafungwa.

Mkutano ukiwa umekaribia, moto ulizuka.

Ilikuwa Aprili ya mwaka jana, upepo wa mashariki ulikuwa umevuma siku nyingi, na nyasi za mwaka uliotangulia zilikuwa zimekauka kama karatasi. Geesje alikuwa akinyoosha kona karibu na kinamasi alipouona moshi wa rangi ya kahawia ukipanda upande wa zizi la Lubbert. Akawapigia zimamoto.

"Wakaniambia niondoke pale mara moja," anasimulia. "Nikaondoka. Ila upande mwingine."

Alijua kwamba mchana kama ule Lubbert huwa nyuma ya mireteni, ile miti mifupi yenye utomvu, na kundi lake. Alijua pia kuwa simu yake iko nyumbani juu ya meza, kwa sababu Lubbert hushikilia kuwa kondoo hawapigi simu. Geesje akapanda baiskeli, akakanyaga pedali kuelekea moshini.

Alimkuta mzee akiwakusanya kondoo pamoja na mbwa wake, Siep, uso mwekundu, kofia imeanguka.

"Lubbert, tutoke. Moto unakuja."

"Nauona. Nawapeleka zizini."

"Zizi liko nyuma ya huo moto."

Lubbert akageuka, akatazama. "Basi tumekwisha," akasema.

"Bado. Tupite njia yangu, tukatokee mashamba ya viazi."

"Njia yako haipitishi hata mbuzi."

"Inampitisha Egbert na tumbo lake. Twende."

Kondoo walikataa. Mdomo wa njia ulikuwa mwembamba na wa giza, na kondoo hapendi kuingia asikokujua. Lubbert aliwasukuma kwa fimbo, Siep akabweka, na kundi likajizungusha palepale kama maji ndani ya ndoo. Geesje akakumbuka mkate wa zabibu uliokuwa mkobani, chakula chake cha mchana. Akaumega, akamnyooshea Trijn, kondoo jike mzee mwenye kengele shingoni, anayeongoza kundi na ambaye ulafi wake unajulikana kijiji kizima.

Trijn akanusa. Akapiga hatua moja, kisha ya pili. Nyuma yake kundi likajipanga mstari mmoja, kondoo kwa kondoo, wakipita kwenye kona zilizochimbwa kwa ajili ya matairi. Geesje alitangulia akisukuma baiskeli kwa mkono mmoja na kushika mkate kwa mwingine. Nyuma yao moshi ulikuwa unaingia msituni, na mireteni ililipuka mmoja baada ya mwingine kwa mlio kama wa bunduki.

Wakafika kwenye daraja la mbao linalovuka kinamasi. Hapo Trijn akasimama kabisa. Mkate ulikuwa umekwisha.

Geesje aliitupa baiskeli kando, akamshika kondoo pembeni mwa shingo, akamvuta. Kwato za mbele zikagusa mbao. Majira ya baridi yaliyotangulia alikuwa amezipigilia mbao hizo wavu wa waya wa banda la kuku ili matairi yasiteleze, na Lubbert, alipopita na kumwona akigongomea, alimdhihaki kwamba sasa anawatandikia zulia. Kwato zikashika.

Nyuma ya kundi, katikati ya kukohoa, akasikia sauti ya mzee ikisema polepole: "Haya, Trijn, mama yangu. Tembea juu ya zulia."

Trijn akavuka. Wengine wakamfuata.

Walitokea kwenye shamba lililolimwa, udongo mtupu ambao moto hauna cha kula. Magari ya zimamoto yalikuwa yanawasili. Kondoo wanne hawakuonekana. Walikuwa wamechepuka wakarudi kwenye moshi. Lubbert aliketi juu ya tuta la viazi akalia kwa ajili ya hao wanne. Mkewe, Hillechien, alikuja akikimbia na kandambili za ndani, akamfuta masizi usoni kwa aproni yake, kisha akamkumbatia Geesje.

Baiskeli iliteketea pale darajani. Mbao za daraja, kwa kuwa zilikuwa zimelowa, ziliungua upande mmoja tu.

Siku ya mkutano ukumbi ulijaa hadi watu wakasimama kwenye korido. Lubbert aliomba kusema wa kwanza. Alikuwa amevaa suti ya mazishi.

"Mimi sipendi baiskeli," alianza. "Sikuzipenda zamani na sizipendi leo. Lakini njia ile isifungwe. Kondoo wakizaa, wenye baiskeli wapite msituni, heide waniachie mimi na ndege wanaotaga chini. Nimemaliza."

Mwenyekiti alimwuliza Geesje kama ana la kuongeza.

"Mchepuko nitauchimba," alijibu, akakaa.

Anaposimulia hayo, anayaacha macho yake yatembee juu ya nyika. Iliyokuwa nyeusi imechipua, na maua ya zambarau yameanza kugeuka kahawia ya Septemba. Pale mchepuko unapoanzia kuna kibao kilichoandikwa na Lubbert mwenyewe kwa rangi ya kuwatia alama kondoo: "Kondoo wanazaa. Zunguka. Ukibisha, nipo."

"Wanatii?" anaulizwa.

"Wanamwogopa kuliko polisi."

Anapoulizwa kama anajivunia, haoni haya. "Sana. Kiwandani nilisafisha viazi ambavyo sikujua vinaliwa na nani. Hapa nasimama kwenye kona, namwona mtu anavyoifurahia. Mimi kazi yangu huniamkia kwa jina kila asubuhi. Ni wangapi wanaopata hivyo?"

Sasa ana mpango mwingine. Mapema mwezi huu Fenna Abbing, muuguzi ambaye miguu yake ilipooza baada ya ajali ya gari, alikuja na baiskeli ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa mikono. Alifika hadi daraja la kwanza, akakwama. Daraja lilikuwa jembamba mno.

"Kondoo wanavuka," Fenna alimwambia, "na mimi je?"

Geesje alipima upana wa magurudumu kwa mpini wa beleshi, akauchora alama kwa kisu. Tangu siku hiyo anapanua kona moja moja, akianzia upande wa kijiji. Lubbert ametoa mbao za mwaloni zilizosalia zizini, na Egbert ameahidi kuzibeba, ingawa Geesje anasema ataamini akimwona anatoka jasho.

"Majani yakichipua, Fenna atapita hapa," anasema huku akilishika tena beleshi. "Sitaki anishukuru. Nataka aje kunilalamikia kona zangu, kama wenzake wote."