Nje ya Kamba

Nauza mchele Masumbwe, na kila kipimo nakihesabu mara mbili: mara moja kwa ajili ya mteja, mara ya pili kwa ajili ya usingizi wangu. Niliposhinda ujumbe wa serikali ya kijiji, tabia hiyo nikaingia nayo. Wajumbe tulikuwa ishirini na watano, wanawake saba; bila nusu yetu kufika, kikao hakipitishi kitu.

Kikao ninachokikumbuka kilihusu kisima. Mwenye karasha, yule anayesaga mawe ya dhahabu, alitaka akabidhiwe kisima chetu cha pekee aoshee mchanga wake. Sisi tungeteka maji bwawani, tukipokezana na ng'ombe. Asubuhi hiyo mwenyekiti akahamishia kikao kwenye duara, lile shimo la wachimbaji, eti wajumbe waone bomba litakapopita.

Duarani kuna kamba. Mwanamke haivuki, dhahabu itakimbia. Nimeuza chakula machimboni miaka mingi, sijawahi kuivuka. Niliichukulia kama mtu anavyochukulia mvua. Basi tukasimama nje yake, sote saba, karasha likinguruma, tukiona midomo ya wanaume ikicheza.

Sauti moja tu ilitufikia, ya mwenyekiti akitangaza: "Akidi imetimia. Wajumbe kumi na sita."

Nikahesabu waliokuwa ndani. Tisa. Nikarudia. Tisa. Wale saba waliobaki tulikuwa sisi.

"Mwenyekiti," nikapaza sauti, "hao kumi na sita wako wapi?"

Akasogea karibu na kamba. "Tisa hapa, saba hapo mlipo."

"Hapa tulipo hatusikii kitu."

"Si mmehesabiwa, mayu? Mnataka nini tena?"

Aliniita mama kwa Kisukuma, kwa upole kabisa, kama muuza dagaa aliyekwisha kukutilia nyongeza na bado unanung'unika. Angenitukana ningejua la kujibu. Mzee huyu nampa shikamoo kila siku, na mkewe ananunua mchele kwangu. Na kumbe kichwani mwake sisi ni mawe ya kujazia mizani.

Mchimbaji mmoja aliyekaa juu ya kifusi akacheka. "Waacheni wapite. Duara lenyewe tangu masika linatoa vumbi. Hiyo dhahabu itamkimbia nani?"

Lakini sikuvuka. Sokoni, bei ikikukataa, humshiki muuzaji shati; unampa mgongo. Nikawaambia wenzangu, "Twendeni." Aliyekuwa mzee kuliko sote akauliza, "Tukiondoka, si watapitisha?"

"Watapitisha na akidi ipi?"

Akatazama ndani ya kamba, midomo ikihesabu. Kisha akajifunga kanga upya, akatangulia.

Hatukufika mbali, mwenyekiti akaita: "Akina mama, rudini tuelewane."

"Ofisini," nikasema bila kugeuka. "Kwenye viti."

Mwenye karasha alibaki na bomba lake. Sisi tulikwenda ofisini, wajumbe wanaume wakatufuata, tukakaa, tukasema kuhusu maji mpaka koo zikakauka. Kisima kikabaki chetu kwa tofauti ya kura mbili. Nilizihesabu tena.

Lakini furaha haikuja upesi. Nilirudi nyumbani nikiwaza vikao vyote vilivyopita: ni mara ngapi nilikuwa nyongeza bila kujua? Siku hizi mwenyekiti akiita majina, mimi siitiki kwanza. Navuta kiti, nakaa, naangalia kama namsikia vizuri. Ndipo naitika.