Dirisha la Chumba cha Mama

Jirani yangu wa kazi alikuwa mtu wa kuomba radhi. Akijikwaa kwenye kiti, utamsikia: "Samahani." Kiti! Siku moja nikamwambia, "Cheche, hicho kiti kilishakusamehe zamani, sasa kinakushangaa tu." Akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, akateremsha miwani yake myeusi, akaendelea kuchomelea.

Tulimwita Cheche kwa sababu ya kazi yake. Alitengeneza mageti na nondo za madirisha, na kibanda chake kilitenganishwa na changu kwa ukuta wa mabati tu. Mimi ni fundi cherehani. Vitambaa na moto ujirani wao ni wa shida, na nimegombana naye mpaka nikachoka. Kuna siku cheche zilipenya chini ya mabati zikanitobolea gauni la bibi harusi, tena kifuani, tena wiki yenyewe ya harusi. Nilifoka siku hiyo, we! Yeye akasimama mlangoni kwangu, kofia mkononi, machozi yanamlengalenga, kwa ajili ya tundu la ukubwa wa punje ya mchele. Hasira ikaniisha pale pale. Nilijua huyu halilii gauni.

Alichokuwa akikililia mtaa mzima ulikijua. Mama yao, yeye na mdogo wake wa kike, alianza kupoteza kumbukumbu uzeeni. Akitoka nje harudi. Mara anaokotwa sokoni, mara katikati ya barabara kuu, anawatafuta wanawe akidhani bado wananyonya. Alikuwa akiishi kwa huyo binti. Binti akienda bombani au dukani, anamfungia mlango kwa nje, maana angefanyaje? Na dirisha la chumba cha mama lilikuwa na nondo alizochomelea Cheche mwenyewe.

Mchana mmoja binti akiwa bombani, jiko la mafuta likashika pazia la mlangoni. Majirani walipofika, mlango haukaribiki. Cheche alikuja mbio kutoka kazini na msumeno wa chuma. Mama yake alikuwa amesimama dirishani, ameshika nondo, anamwita kwa jina lake la utotoni. Alikata nondo ya kwanza, akaanza ya pili. Watu walimvuta kwa nguvu ukuta ulipoanza kuanguka, naye bado anakata, viganja vimemuungua kwa nondo za moto. Alikuwa amezichomelea vizuri mno.

Tangu hapo hakutengeneza dirisha lisilofunguka. Kila kazi aliweka kilango kidogo chenye bawaba, kufuli kwa ndani, na msumari wa kutundikia ufunguo pale mkono wa mtu yeyote unapofika. Mteja aking'ang'ania kwamba mwizi atapita hapo, Cheche humwambia, "Samahani, nenda kwa fundi mwingine." Nikamwambia anafukuza riziki yake kwa mikono yake. Akaniomba radhi.

Kanisani tulikaa benchi moja, la nyuma kabisa. Kwenye Sala ya Bwana alisali kwa sauti nene ya kutikisa benchi, mpaka tufike pale pa kuomba tusamehewe makosa yetu. Hapo ananyamaza. Tukishapita, anaungana nasi tena. Na siku za Meza ya Bwana, sahani ya mkate ikija kwa kupokezana mkono kwa mkono, yeye huipokea akanipa mimi bila kuitazama. Mdogo wake alikaa benchi za mbele. Hawakuwa maadui, hata kidogo. Wakikutana nje Cheche anamsalimia, anauliza hali ya watoto, kisha anakumbuka ghafla ana kazi mahali. Nyumbani kwake hakukanyaga tena tangu mazishi.

Mchungaji alimfuata kibandani zaidi ya mara moja. Nilimsikia akimwambia, "Fundi, hukumu imetoka, umeachiwa huru. Wewe umekaa mlangoni pa gereza unabisha hodi urudishwe ndani. Damu ya Yesu haikutoshi?"

"Inatosha, mchungaji," Cheche akajibu. "Lakini wewe hukuiona mikono yake kwenye nondo."

Mchungaji akaondoka. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Hata mimi nilikuwa na siku zangu za kusema, jamani, huyu naye amezidi, si alie amalize?

Basi ikaja asubuhi ambayo mdogo wake alitokea na kamba yenye mafundo mawili. Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, najua. Lakini mimi jembe sina, nina cherehani, nayo niliisimamisha ili nisikie vizuri. Mniwie radhi.

"Kaka, hujambo?"

"Sijambo, mdogo wangu. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Nimekijenga upya kile chumba. Upana wa dirisha ni huu hapa kwenye kamba. Nataka uniwekee nondo."

Nikamsikia kaka mtu akipangapanga vyuma visivyohitaji kupangwa.

"Samahani, dada. Nina kazi nyingi. Kuna fundi pale kona, kijana hodari..."

"Simtaki wa kona. Nakutaka wewe."

"Usinifanyie hivyo. Mimi ndiye niliyemfungia mama ndani. Unataka nikasimame tena pale?"

"Siku ya mazishi nilikwambia sina kinyongo na wewe. Nilikwambia, sikukwambia?"

"Ulinambia."

"Na mimi je, kaka? Nimengoja na wewe uniambie. Nimengoja mpaka mvi zimenitoka."

"Nikuambie nini? Wewe umekosa nini?"

Hapo yule mwanamke akaangua kilio. Si kilio cha msibani chenye maneno yake, bali kile cha mtu aliyekizuia mpaka kikamgeukia.

"Nani alikuambia ufunge lote?" akasema. "Ulitaka kuweka bawaba. Chuma chake ulishakikata, ulikuwa nacho mkononi. Mimi nikasema mama atapita hapo, atapotea, funga lote. Na mlango niliufunga mimi. Ufunguo nilikuwa nao kwenye fundo la kanga, niko bombani nacheka na wenzangu."

Habari za bawaba sikuwa nazijua. Hakuna mtu mtaani aliyezijua.

"Sikumwambia mtu," Cheche akasema polepole. "Hata mmoja. Sikutaka wapate la kukusema."

"Hukumwambia mtu, na mimi hukunitazama usoni. Nifikirie nini? Kila sahani ikipita nageuka nyuma nakuona unaipitisha. Nikasema, kaka yangu hali mkate wa Bwana kwa sababu ameniweka moyoni. Nimekukosesha Mungu juu ya kukukosesha mama."

Kitu kizito kikaanguka chini. Safari hii hakukiomba radhi.

"Mimi? Mimi nikuchukie wewe?" Sasa naye alikuwa analia. "Mdogo wangu, sijawahi hata siku moja. Nilikuwa nakukimbia kwa aibu. Nimekusamehe. Nilikusamehe hata kabla sijajua unataka kusamehewa."

"Basi kama wewe, kaka yangu, mtu wa udongo tu, umenisamehe bila hata kuombwa, Mungu atashindwaje kwako? Au wewe una huruma kumshinda?"

Nikasikia viti vikivutwa. Baadaye nikawasikia wakisali, sala ile ile ya kila Jumapili, mmoja anavuta kamasi, mwingine anakohoa. Walipofika pale pa makosa, sauti nene ilikwama. Nikadhani atanyamaza kama kawaida. Ikatoka, imepasuka vipande vipande, lakini ikatoka yote, ya kusamehewa na ya kusamehe. Mimi nilikuwa nimeshika kitambaa cha mteja nafutia macho, Mungu anisamehe na mimi.

Nilikwenda kuona dirisha likifungwa, nilisema napeleka mapazia. Lilikuwa na kilango chake, bawaba mbili zilizopakwa mafuta, na ufunguo kwenye msumari. Alipomaliza, Cheche akasema lazima alijaribu. Akaingia ndani, akafungua kufuli, akaanza kujipenyeza, mtu mzima na kitambi chake. Shati likanasa, mguu mmoja ukabaki hewani, tukacheka wote, hata yeye. Akaangukia nje, akajipangusa magoti. Kisha akageuka akakitazama kile kilango kwa muda.

"Mama angepita," akasema.

Hatukucheka tena. Mdogo wake akamshika mkono, akampeleka ndani akale. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi kula katika nyumba ile. Alikula kidogo.

Sitawadanganya kwamba huzuni ilimtoka. Mama hakurudi, na kila akishika msumeno uso ulimbadilika. Viti aliendelea kuviomba radhi. Lakini Jumapili ya Meza ya Bwana iliyofuata, mdogo wake alikuja kukaa benchi letu la nyuma. Sahani ilipofika, yeye ndiye aliyempa. Cheche akaipokea, nami mkono wangu ulishakaa tayari kama miaka yote, kumpokea upesi ipite.

Haikuja. Alikuwa ameishika kwa mikono yote miwili, yale makovu ya viganja chini yake, anautazama mkate. Benchi zima likakwama. Mzee wa kanisa akanitupia jicho, kama kwamba mimi ndiye ninayechelewesha. Kila mtu mtaani anajua kwamba sipendi kungojeshwa, hata na harusi. Nikarudisha mkono mapajani, nikamngoja mpaka akala.