La ya Bistra Kolarova

Bistra Kolarova hakuweza kumwamrisha hata paka wake ashuke mezani, lakini kwa miaka thelathini na mmoja watu themanini wa okestra ya mji wa Ruse walinyamaza kila alipoinua obo yake, lile zumari jeusi jembamba lenye vitufe vya fedha. Ognyan, kiongozi wa fidla, alisimama, akamwashiria kwa kichwa, naye Bistra akapuliza sauti moja tu, noti iitwayo La. Hapo fidla na selo wakakaza nyuzi kuifuata, klarineti na filimbi wakavuta vipande vyao au kuvisukuma ndani, tarumbeta wakarefusha mabomba. Obo ilipewa kazi hiyo kwa sababu sauti yake ni kali na nyembamba, haimezwi na nyingine. Na La yake haikubishaniwa na mtu.

Kila asubuhi alikaa jikoni akichonga ndimi za tete kwa kisu, maana zumari bila ulimi mzuri ni kuni tu. Mume alikuwa ameondoka zamani, binti alikuwa Hispania. Watu wa mtaani walimjua kwa jina moja, Bistra wa obo, na jina hilo lilimtosha.

Baada ya mwaka mpya, sikio lake la kulia likaanza vituko. Simu ikilia, la kushoto lilisikia sauti moja, la kulia likaisikia ile ile ikiwa juu kidogo. Daktari alikuna kidevu, akasema ni umri, dawa ya kuaminika hana. Bistra akatia pamba, akaendelea na kazi. Lakini sikio bovu lina ubishi. Alipopuliza La alijisikia yuko juu, akaishusha unywele mmoja, na wiki iliyofuata unywele mwingine.

Hakuna aliyeshtuka. Ukumbi wenye baridi hushusha sauti za mbao na za shaba, kila mpulizaji anajua, na mwaka huo joto la ukumbi lilikuwa la kubahatisha. Wakasema ni baridi. Nyuzi zikalegezwa, mabomba yakarefushwa, okestra nzima ikateremka polepole nyuma ya obo, heshima tele.

Kitu kimoja tu kilikataa kubembelezwa, nacho ni kengele za Kiril. Kengele hizo ni vipande vya chuma vilivyopangwa kama vibao vya piano, hugongwa kwa nyundo ndogo, na sauti ya kila kimoja imo ndani ya urefu na unene wake. Havijui desturi. Okestra iliposhuka, zenyewe zilibaki palepale, zikasikika juu na chungu. Kiril, mtu wa miaka arobaini, mpole, alizirithi kwa mwalimu wake marehemu na alizifuta kwa kitambaa laini kila alipomaliza.

"We Kiril," Stanka wa klarineti alimtania kantini, mdomo umejaa banitsa, andazi la jibini, "hivyo vyuma vyako umevilaza nje kwenye theluji?"

"Mwache," akadakia mwingine, "anatupigia wimbo wa kijijini kwao."

Wakacheka. Kiril akawa mwekundu mpaka masikioni. Bistra naye alicheka, Mungu amsamehe. Mwongozaji wa okestra hakucheka. Alisema kufikia Ijumaa kengele ziwe zimerekebishwa, la sivyo angemleta mtu mwingine mwenye kengele zake.

Wakati huo Bistra alikuwa ameshajua. Alikuwa amenunua kipimo cha sauti kwa siri, yeye aliyewadharau wote wanaokitumia, akafunga mlango wa jikoni na kupuliza. Mshale ulisimama chini kabisa ya pale ulipotakiwa kusimama. Alibadilisha ulimi, akapuliza tena, mshale ukasimama palepale. Alilia akiwa bado na obo mapajani. Wiki tatu zilikuwa zimepita hivyo, kila siku akisema kesho, maana kusema ni kukiacha kiti, na bila kile kiti hakujua angeamka asubuhi afanye nini.

Ijumaa, kwenye mazoezi, aliona njia, njia ya mwoga. Vile vyuma vimsemee. Ognyan aliposimama na kuashiria kwa kichwa, Bistra alishusha obo.

"Kaka Ognyan, leo La itoke kwa Kiril."

Minong'ono ikapita safu kwa safu. Kiril aligonga. Bistra alisimama akisubiri fujo, nyuzi zikivutwa juu na watu wakigeukiana. Fidla zilipitishwa upinde mara moja na kutulia. Hakuna aliyekaza kitu.

"Hee, Kiril," akasema Ognyan akitabasamu. "Vimepona?"

"Nimevipiga tupa, kaka. Nimevikwangua upande wa chini, vyote, tangu Jumapili, mpaka sauti ikashuka. Chuma kilicholiwa hakirudi, na marehemu mwalimu angenilaani, lakini sasa vinakubaliana nanyi."

Wapiga fidla wakagonga pinde zao kwenye vishikilio vya karatasi za noti, kama wanavyompongeza mwenzao. Mwongozaji naye akaitikia kwa kichwa, akafungua kitabu chake.

"Kaa basi, mwenzangu," Stanka alimnong'oneza Bistra, akimvuta sketi. "Yamekwisha." Alisema bila kumtazama, na Bistra akaelewa kwamba Stanka naye alijua, pengine tangu Februari.

Hakukaa. Alikishika kiti cha mbele yake.

"Kiril, vyuma vyako havikuwa na kosa. Mimi ndiye niliyewashusha watu wote hawa. Sikio langu limeharibika tangu Januari. Nimepima nyumbani, nina uhakika. Nimejua kwa wiki tatu."

Kiril alikinyanyua kile kipande cha La, akakipindua, akapitisha kidole gumba polepole pale tupa ilipokula.

"Wiki tatu," akasema. "Mimi nilianza Jumapili, dada Bistra."