Ukurasa wa Kwanza wa Faili la Njoroge

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Malindi, Sista Mkuu alinipa somo kabla sijatua hata mkoba. "Kahindi mwanangu, karatasi ya mgonjwa haichanwi. Ukikosea, piga mstari mmoja, tia sahihi, endelea. Kosa lako lisomeke." Nilikuwa muuguzi mpya, kijana wa kiume mbishi, nikamwona mama mkali wa bure. Kushona jeraha nilijifunza kwa wiki mbili tu; somo hilo la karatasi lilinichukua miaka.

Baadaye nilihamishiwa kituo kidogo cha afya karibu na Gede. Mkuu wa Kituo alikuwa mpole, ila mwoga wa wakubwa. Hapo ndipo alipoingia Njoroge, seremala kutoka bara, kiganja kimepasuliwa na msumeno, naye anacheka. Ukurasa wa kwanza wa faili huandikwa jamaa wa karibu, yaani mtu wa kuitwa mgonjwa anapozidiwa, na wa kuruhusiwa kukaa kando ya kitanda. Njoroge aliacha pengo. Kwao walikuwa wamemkana.

Miezi ikapita, tukapendana. Nalisema waziwazi maana ndivyo ilivyokuwa. Tulipanga vyumba viwili vilivyopakana, kimoja cha kulala na kimoja cha macho ya watu. Siku aliyorudi kituoni na homa, alilionyesha lile pengo kwa kidole.

"Jiandike wewe. Nina nani mwingine?"

Nikajiandika, na penye uhusiano nikatia "ndugu". Mgiriama ndugu wa Mkikuyu! Tulicheka hadi homa ikasahaulika.

Ukaja msimu wa kampeni. Mwanasiasa mmoja alipanda jukwaani akadai wauguzi wanawaficha mashoga vituoni, watafutwe mmoja mmoja. Vijana wawili wa mtaa wetu walipigwa, kisha wakapelekwa polisi wao badala ya waliowapiga. Mkuu wa Kituo akaniita ofisini.

"Kesho asubuhi Naibu Chifu anakuja na watu wake kukagua mafaili. Sina ubavu wa kuwakatalia. Kama una la kutengeneza, Kahindi, tengeneza leo."

Alijua? Sikuthubutu kumuuliza. Saa ya chakula, wenzangu walipotoka, nilifungua kabati. Mstari mmoja usingenifaa kitu, jina lingesomeka. Nikauchana ukurasa mzima, nikautia katika kichomea taka pamoja na pamba zenye damu. Kesho yake faili la Njoroge lilipita mikononi mwao, wakaondoka mikono mitupu. Njoroge sikumwambia.

Hata mwezi haukuisha, alianguka kutoka kwenye paa alilokuwa akiezeka Watamu. Nilimsindikiza hadi hospitali kubwa, faili kwapani. Karani wa chumba cha mahututi akalifungua.

"Ukurasa wa kwanza uko wapi? Jamaa wake nani?"

"Ulipotea."

"Na wewe ni nani wake?"

Polisi wawili walikuwa wamekaa benchini, wananitazama. Nikasema, "Muuguzi aliyemleta."

"Basi kazi yako imekwisha, shukrani. Humu huingia jamaa tu."

Nilikaa kwenye benchi lile siku mbili. Siku ya tatu alifariki, na mchana wake akafika kaka yake kutoka bara, aliyepashwa habari na mafundi wenzake. Muuguzi wa zamu akamweleza mbele yangu, "Alikuwa akimwita Kahindi, tangu alipoletwa. Tulilitafuta jina hilo failini, halimo."

Kaka yake akanigeukia. "Daktari, unamjua huyo Kahindi?"

"Simjui," nikasema.

Akanishukuru kwa kumtunza ndugu yake, akamchukua kwenda kumzika kwao.

Nimestaafu sasa. Wauguzi vijana huja nyumbani kuniuliza habari za dawa na mishono, nami huwafundisha kwa furaha. Hili sikuwahi kuwaambia. Nilimpenda Njoroge, nikaogopa, na hofu yangu ndiyo iliyomwacha afe akimwita mtu aliyekuwa ameketi nje, hatua kumi kutoka mlangoni.