Bastola Nzito kwa Mkono Uliovunjika

Mke wangu alivunjika mkono ghalani kwa sababu ya mlio. Foklifti ya kunyanyulia mizigo iliangusha paleti tupu ya mbao kutoka rafu ya juu, paleti ikagonga sakafu ya saruji, na yeye, kabla hajafikiri lolote, akajitupa chini kifudifudi. Watu waliokulia Kivu wakati wa vita hawahitaji kufundishwa jambo hilo. Mkono wa kulia ulitangulia, kifundo kikavunjika. Wenzake walicheka, wakidhani kateleza. Ambaye hakucheka ni msimamizi wa zamu yao, mama wa Kimarekani wa makamo. Yeye ndiye aliyemwinua, akampakia kwenye gari lake na kumkimbiza hospitali.

Ilikuwa 2015, tukikaa Whitehall, mashariki mwa Columbus, Marekani. Mimi ni mtu wa Kigoma, yeye wa Uvira kule Kivu, ng'ambo ya ziwa, lakini tulikutana Louisville, tukaoana huko, kisha tukafuata kazi Columbus. Ukweli ni kwamba kazi ilikuwepo Louisville pia. Mimi sijui kutulia. Nyumba ikishanizoea, naanza kuangalia barabara. Sasa mke wangu, akiwa amefungwa hogo la plasta na hana la kufanya, naye akashikwa na ugonjwa wangu. Alizunguka kutoka jikoni hadi dirishani, akafungua jokofu, akalifunga bila kuchukua kitu, akarudi dirishani.

Yule msimamizi alikuwa akija kumjulia hali. Siku moja, katika mazungumzo, alisema Jumamosi huwa anakwenda kulenga shabaha. Hawindi, wala hajiandai kwa wezi. Ni karatasi tu yenye duara jeusi, na akiikosa Jumamosi moja hapati utulivu wiki nzima. Alisema hivyo kama mtu anayesimulia kufuma vitambaa. Alipoondoka, mke wangu alibaki akikoroga chai ambayo sukari yake ilikwisha kuyeyuka zamani.

"Nikipona minataka kwenda naye," akasema.

"Wapi?"

"Kule kwa kupiga."

"Wewe? Juzi puto limepasuka kwa jirani ukakimbilia chooni!"

"Bon, ni ju ya ile. Ile sauti inanikamataka kila siku bila kupiga hodi. Minataka siku moja mimi ndiyo niiite."

Nilikuwa na binti wa darasa la pili ndani ya nyumba, na moyo usiotaka kusikia neno bastola. Nilijiambia atasahau.

Hakusahau. Hogo lilipofunguliwa, na mtaalamu wa mazoezi ya viungo akamruhusu kushika vitu, tulikwenda Louisville kumtembelea kaka yake. Kaka huyo alikuwa na bastola, na maoni mengi kuhusu bastola. Alitupeleka kwenye jengo la kulengea shabaha ambako unaweza kukodi silaha ya kujaribia.

"Shemeki, ya mwanamke ni hii," akaniambia, akinyooshea kidole bastola ndogo ya milimita tisa, nyepesi, ya kutosha ndani ya mkoba. Muuzaji akatikisa kichwa kukubali. Mimi nami niliona ina mantiki: mkono mdogo, bastola ndogo. Mke wangu aliuliza kuhusu ile kubwa iliyolala pembeni. Kaka yake alikuwa ameshalipia ile ndogo.

Ndani, milio ya watu wengine ilirudi kutoka kwenye kuta na kutupiga kifuani. Nilimwona akiinua mabega hadi masikioni. Alilenga, akafyatua mara moja tu. Bastola ikaruka juu kama samaki anayetaka kuchomoka mkononi. Aliiweka mezani polepole, mdomo wa bastola ukielekea mbele kama alivyoelekezwa, akageuka, akatoka.

Nilimkuta kwenye maegesho, ameshika kifundo, ameinamisha uso. Nilidhani analia. Alikuwa na hasira.

"Imenipiga," akasema. "Kitu kidogo vile, imenipiga kama mutu muzima."

Njiani kurudi Columbus niliongea mimi. Nilisema hata kuogelea ni mchezo, hata bustani. Nilisimama kwenye vituo vya mafuta bila kuhitaji mafuta, nikanunua karanga, nikaziacha. Yeye alitazama mashamba ya mahindi yakipita dirishani, mkono wa kushoto ukiukanda wa kulia. Ndani yangu nilikuwa nimepata nafuu. Jambo limekwisha, nikafikiri.

Jumatatu akamsimulia msimamizi wake. Yule mama alijishika kichwa.

"Nani aliwaambia mkono mdogo unahitaji bastola ndogo?" alimwuliza, na jioni mke wangu akaniletea maneno yale mezani kana kwamba mimi ndiye niliyeulizwa. Bastola nyepesi haina uzito wa kuuzuia msukumo wa nyuma risasi inapotoka, kwa hiyo wote unamwishia aliyeishika. Mtu ambaye mkono wake hautaki kurushwa anapaswa kupewa chuma kizito na risasi dhaifu.

Jumamosi tulikwenda naye mimi na mke wangu, tukimwacha mtoto kwa jirani. Ulikuwa uwanja wa wazi nje ya mji, nyasi na ukuta wa udongo mwishoni, na upepo uliochukua mlio kabla haujakaa. Msimamizi alimvalisha vizibo ndani ya masikio na juu yake vikinga vikubwa. Kisha akatandika meza: rivolva ya chuma, ile yenye matundu ya risasi yanayozunguka, ya kipimo cha thelathini na nane; bastola ya plastiki ya risasi ndogo za ishirini na mbili; na nyingine ya ishirini na mbili, ndefu, ya chuma kitupu, yenye mpini wa mbao.

Mimi niliipenda rivolva. Ilikuwa na sura ya kueleweka, na kwa risasi zake laini haikuruka sana. Lakini kifyatulio chake kilikuwa kigumu. Kila alipokivuta, kifundo kililalamika na mdomo wa bastola ukatikisika. Ile ya plastiki ilikuwa rahisi kuivuta, ila ilichezacheza mkononi kwa wepesi wake. Ya chuma ilipofyatuliwa ilitoa mlio mkavu, kama ubao unaovunjwa gotini, na ikabaki palepale.

Akageuka kunitazama, macho yamemtoka.

"Ni ile tu?"

Hata hivyo risasi zake zilikuwa zikienda chini, kwenye majani. Msimamizi alichukua magazini ya risasi, akageuka pembeni, akachanganya humo risasi bandia ili mke wangu asijue ipi itakayolia. Ilipofika zamu ya bandia, kifyatulio kilisema ti, hakuna mlio, na sote tukaona: mkono wake uliisukuma bastola chini wenyewe, ukijihami na pigo lisilokuwepo.

"Umeona?" akamwuliza kwa upole. "Si bastola. Ni mkono wako unaotangulia kuogopa."

Mke wangu akacheka kwa sauti. Nyuma yake mimi nilikuwa nimefumba macho na kukunja ngumi, nami sikushika chochote.

Aliendelea kwenda kila Jumamosi. Dukani tulipokwenda kumnunulia ya kwake, muuzaji alinigeukia mimi na kuanza kunieleza habari za ndogo nyepesi. Mke wangu akamgonga bega na kumwambia kwa Kiingereza chake kifupi kwamba anayepiga ni yeye. Akaomba ya chuma kama ile ya uwanjani, akainyoosha kwa mkono mmoja, akahesabu kimoyomoyo mpaka mkono uchoke, akaomba mpini mwembamba zaidi, akajaribu tena. Tulitoka na bastola na sanduku la chuma lenye kufuli. Binti yetu aliuliza kwa Kiingereza kama mama sasa ni polisi. "Hapana," mama akamjibu kwa Kiswahili. "Mama ni mwanafunzi."

Siwezi kusema nilitulia. Kila Jumamosi nilisafisha gari lililokuwa safi mpaka aliporudi. Lakini niliona anavyorudi: mabega yameshuka, anaimba, ana njaa.

Halafu mama yake, aliyekuwa Buffalo, akaanza kuugua miguu. Safari hii aliyesema tuhame hakuwa mimi. Tulipouliza, tuliambiwa jimbo la New York, ambako Buffalo ipo, haliruhusu kuweka bastola bila kibali cha jimbo, na kibali kinaweza kuchukua miezi mingi. Hakutaka kuanza maisha mapya akijificha. Alimwuzia msimamizi wake ile ya chuma. Niliwaona wameshikana mikono juu ya meza yetu ya jikoni.

Buffalo, mtaa wa East Side, theluji ikafika kabla hatujafungua maboksi yote. Kule kuzunguka kwake dirishani na jikoni kukaanza tena. Sasa aliyeshindwa kuvumilia ni mimi. Nilizunguka nikiuliza kazini, kanisani, kwa wazee wanaocheza karata, hadi mtu mmoja akanielekeza kwenye kikundi kilichokutana katika ukumbi wa chini wa jengo moja la jumuiya, watu wa bastola za upepo. Ya upepo haihitaji kibali kile, haina baruti, hairuki hata kidogo. Inapumua tu, fyuu, na karatasi inatoboka.

Mara ya kwanza aliikunjia uso. "Hii ni ya batoto," akasema. Baadaye akaona risasi zake zimekusanyika mahali pamoja, na uso ukafunguka.

Kulipokuwa na mashindano madogo ya kikundi, tulimleta mama mkwe, tukamkalisha kwenye kiti cha mbele na kitenge magotini. Mke wangu alikuwa wa tatu kutoka mwisho. Mama mkwe hakujali nafasi.

"Inalia wapi?" akauliza.

"Hailie, mama."

"Donc unapigaka kimya kimya?" Akanyoosha mkono. "Leta, nione."

Mwalimu wa kikundi alimsimamia nyuma, akamwonyesha pa kushika. Mama mkwe akatoboa pembe ya karatasi, mbali kabisa na duara, akaichungulia kwa kiburi kikubwa, akasema wapakie ingine.